Mninga Usiokwaruzwa

Mkwaruzo wa kwanza ulikuwa mwembamba kama uzi, kwenye mkono wa Careen, mtoto wa miaka sita, nao haukutoa damu.

"Ni paka," alisema baba yake, Remigius.

"Paka gani, Baba Careen? Nyumba hii haina paka," alijibu mkewe, Serafina.

Remigius aliinama kuutazama tena, kwa kuwa mkwaruzo wa namna ile aliujua. Waliotutangulia huku Idete walituachia kanuni: mti usiokwaruzwa gome haukatwi. Ukikuta ubichi chini ya gome, uache na uhai wake. Ukikuta ukavu, uzungushie pete ya chokaa, uwe kuni. Miaka tisa Remigius aliishika kanuni hiyo katika msitu aliorithi, akivuna miti inayokufa tu. Kiangazi hiki, mvua zikiwa karibu, aliona mninga uliopukutisha majani, akaudhani unakufa, akaupaka chokaa bila kuukwaruza, akaukata. Ulipoanguka ulitiririsha utomvu mwekundu. Akaufukia utomvu huo kwa udongo, akaleta kuni nyumbani, asimwambie mtu.

Siku ya tatu, adhuhuri, Serafina alikuwa akisonga ugali aliposikia harufu ya damu ikitoka katika kuni zilizokuwa zikiwaka, kisha nyuma ya ukuta kwaru, kwaru, kama panga likipita kwenye gome, na sauti hiyo ikaizunguka nyumba taratibu, ikaupita mlango uliofungwa, ikaingia chumbani alimolala mtoto, na humo ikawa si sauti ya gome tena bali ya kitu laini zaidi, naye alipokimbilia huko alimkuta Careen macho wazi, midomo imepasuka kwa ukavu, na kwenye kila kifundo cha mguu pete ya chokaa ambayo bado ilikuwa inachuruzika.

"Umekata nini huko msituni?" alimnong'oneza mumewe. "Sema, kabla mwanangu hajawa kuni!"

Akasema yote.

Jioni ile walimleta Bi Rabia kutoka Lipangalala, mjane aliyezeeka katika mashamba ya miwa na katika kisomo cha Kurani cha kuombea wagonjwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mkata kuni mzima, na panga mkononi, ukashindwa kukwaruza mti mmoja?" Alimgusa mtoto, akashusha sauti. "Aliyekuwa akikaa ndani ya mti huo hana hata hasira. Amejifunza kazi yako tu. Anakwaruza ajue nani amekauka."

"Tufanyeje?"

"Kila gogo lirudi kwenye kisiki, na majivu yake pia. Kisha utamke neno moja: nisamehe. Usiongeze. Hawa hulichukua neno kama lilivyotamkwa."

Alfajiri walikuwa kisikini. Bi Rabia alisoma Ayatul Kursiy; Serafina, rozari mkononi, alimbeba mtoto mgongoni akimhisi anavyozidi kuwa mwepesi. Remigius alipanga gogo la mwisho, akapiga magoti.

"Nisamehe."

Ndege wote walinyamaza. Kwaru, ikasikika mgongoni kwa Serafina, naye akapiga yowe kwamba mtoto hapumui.

"Mwache huyu!" Remigius alilia. "Nichukue mimi!"

Bi Rabia alikatiza kisomo. "Umesema nini, mwanangu?"

Careen alikohoa, akaomba maji. Chokaa ilipukutika miguuni mwake kama unga. Walifurahi mno, hata hawakuona kwamba Bi Rabia alirudi nyumbani bila kuwaaga.

Jumapili, kabla ya misa, Remigius alimwomba mkewe amsugue mgongo. Kati ya mabega, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, Serafina aliona mkwaruzo. Aliutazama kwa karibu. Chini ya ngozi hapakuwa na wekundu wowote. Palikuwa pakavu, pa kijivu, kama kuni ya mwaka jana.

"Mama Careen, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Vaa, tutachelewa."

Alikimbilia banda ambamo ndoo ya chokaa ilikuwa imefungiwa tangu mninga ulipoanguka. Kufuli lilikuwa mahali pake. Akafungua. Brashi ilikuwa imelazwa juu ya ndoo, bado inachuruzika chokaa mbichi.