Kengele Nje ya Dirisha la Kitinda

Kila asubuhi kabla ya shule, Mama aligeuza shati la mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ndani nje ili mishono isimguse, kisha akamvisha sweta juu yake. "Haya, Kitinda wangu, nani atajua?" alisema. Halafu alituwekea mikono kichwani, akatuombea kwa maneno mafupi, tukaondoka.

Kitinda hakuwa mgonjwa wala mjinga. Hesabu za kichwa alinishinda mimi dada yake. Ila mwili wake ulipokea kila kitu kwa nguvu mno. Mshono wa shati ulimkwaruza kama msumeno. Na kengele! Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya dirisha la darasa lake, kikigongwa kwa nyundo. Ilipolia, alijitupa chini ya dawati akiziba masikio. Wenzake walimwita Mayai.

Mama alimpeleka kituo cha afya kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, mama mcheshi ambaye chumba chake kina bembea, mito na madebe ya mchanga. Alimbembeza, akamsukumisha ukuta, akamlaza chini ya blanketi zito, huku akimtazama kwa makini. Kisha akashona mfuko, akaujaza maharage.

"Auweke mapajani darasani, uzito unamtuliza," alisema. "Kabla ya somo abebe maji au asukume madawati. Na aambiwe mapema kengele inapokaribia kulia."

Kitinda akaanza kutulia. Ndipo akaja mwalimu mpya wa darasa lake.

"Hiki nini? Umekuja kupika?" aliuliza. Darasa zima likaangua kicheko. Akaufungia mfuko kabatini. "Mtoto wa kiume hadekezwi. Nitakukomaza mimi."

Wakati wa mapumziko alimsimamisha Kitinda karibu kabisa na ile reli, akamwamuru kiranja agonge. Yeye mwenyewe akasogea hadi mlangoni. Mimi nilikuwa bombani nikinywa maji. Nilimwona mdogo wangu akitetemeka, kisha kaptula yake ikalowa.

"Mayai yamepasuka!" mvulana mmoja alipiga kelele.

"Afadhali yeye kuliko viza kama wewe!" nilimjibu. Nilivua sweta langu, nikamfunga Kitinda kiunoni, nikampeleka nyumbani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kesho yake alishikilia mguu wa kitanda, akakataa kwenda shule. Siku zilivyopita, wazazi wakaitwa ofisini. Habari zilikuwa kwamba atafutiwe shule nyingine, ya bweni, mbali na kwetu. Mtoto aliyeshindwa kulala bila mgongo wa Mama!

Nilimwomba Mungu aniondolee hasira. Haikuondoka. Nilipomwambia Mama, alifuta macho yake kwa upindo wa kanga.

"Si kila hasira ni ya kutubu, mwanangu. Hiyo ipeleke inakostahili. Ila kwa adabu."

Basi nikawafuata wazazi ofisini. Mtaalamu naye alikuja, kwani Mama alikuwa amemwita. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeanza.

"Leo tukimpa huyu maharage, kesho wote watataka. Shule haiwezi kubadilika kwa ajili ya mtoto mmoja."

Nilisimama. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Naomba kusema."

"Marahaba. Sema, binti."

"Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Akiwa kazini huvaa miwani nyeusi. Hakuna aliyewahi kumwambia aivue ili macho yake yakomae. Kwa nini mdogo wangu anyang'anywe kinga yake?"

Baba, ambaye si mtu wa maneno, alikohoa. "Nikiivua, Mwalimu, sitakomaa. Nitapofuka."

"Na masikio hayazoezwi kwa kitisho," mtaalamu akaongeza. "Huzoea polepole, mtoto akijua yuko salama."

Mwalimu Mkuu alimgeukia mwalimu wa darasa. "Kengele ilipogongwa siku ile, wewe ulisimama wapi?"

"Mlangoni, Mwalimu Mkuu."

"Mbona mbali?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Kwa karibu... inaumiza masikio."

"Basi mtoto atabaki hapa, na kengele ndiyo itakayohama," Mwalimu Mkuu alisema.

Baba alikuja na mashine yake, akachomelea ndoano mpya ya kuning'inizia ile reli upande wa pili wa uwanja, nyuma ya ofisi ya walimu. Siku ya kwanza kengele ilipolia huko, walimu waliruka vitini, na mmoja akajimwagia chai. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mwalimu wa darasa alirudisha mfuko wa maharage, akamwomba Kitinda msamaha mbele ya wenzake. Kila asubuhi Kitinda sasa husukuma toroli la madumu ya maji, na yule mvulana wa "mayai" humshikia upande mmoja.

Kwenye mkutano wa asubuhi, Mwalimu Mkuu alisema bila kuzungusha maneno:

"Kumpa mtoto anachohitaji ili asome si kumdekeza. Kumtesa ili sisi tusisumbuke, huo ndio uvivu wetu, na mimi pia nilikuwa nao. Hautarudi katika shule hii."

Kengele ikalia ng'ambo ya uwanja. Kitinda aliukumbatia mfuko wake kifuani, akabaki amesimama kwenye mstari.