Kilichoandikwa Juu ya Kanda ya Jumanne

Jumatano asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha hospitali, kanda yenye nakala za kumbukumbu za Jumanne ilikutwa imeandikwa vitu vingine juu ya vya zamani. Kumbukumbu za mtoto aliyefariki baada ya upasuaji zilikuwa humo, na kwenye kompyuta kuu zilishafutwa.

"Mzee Kanda kachanganya kanda zake," alisema daktari wa usingizi, aliyemlaza mtoto huyo kwa upasuaji. "Uzee huo! Akapumzike kwake."

Mzee Kanda, mtunza kanda, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama wa mtoto alisimama mlangoni, kiti alikikataa.

Mpelelezi, ambaye wenzake walimwita Mama Maswali, hakuuliza nani kafuta. "Mzee wangu, juu yake kimeandikwa nini?"

Watu wakatazamana. Wote waliomboleza kilichopotea. Kilichokalia nafasi yake hakuna aliyekichungulia.

"Wamenikataza kuigusa, mwanangu. Ila mimi nikiandika, naandika kumbukumbu za hospitali nzima. Kanda hujaa pomoni."

"Itie mashineni."

Zikatokea picha chache tu: gari la bluu, bampa imebonyea, linauzwa.

Mama Maswali akachungulia dirishani. "Daktari, lile pale si lako? Au limekuja kutibiwa?"

"Picha hizo yeyote angeweza kuzichukua!"

"Hata kwenye kompyuta ya ofisi yako, zilikotoka kama ilivyoandikwa hapa, na ufunguo wa ofisi unao wewe peke yako?"

Daktari ndiye aliyeifunika kanda ile. Alikuwa na haraka, akabandika alichokuta karibu.

Tena alibandika kidogo mno. Picha zilifunika mwanzo wa kanda tu. Mbele yake maandishi ya zamani yalikuwa mazima, ila mashine ilikomea zilipoishia picha. Fundi wa kompyuta aliilazimisha ivuke hapo. Ijumaa, mbele yao wote, kumbukumbu ya mashine ya usingizi ikasomwa: mpasuaji ameshatoka, mtoto anaamshwa, king'ora kinalia. Kinalia. Hakuna mkono uliokizima mpaka moyo uliposimama.

"Ulikuwa wapi?" Mama Maswali alimuuliza daktari.

"Nilitoka kidogo tu. Mnunuzi alikuwa amefika."

"Kidogo tu!" Mama Maswali alipiga meza. "Umemlaza mtoto wa watu, ukaenda kupatana bei ya gari! Kisha ukamtwika mzee wa watu jeneza lako! Huna hata haya?"

Daktari akainama, akatiwa pingu mikononi.

Mama wa mtoto hakulia. Alisogea hadi kwenye mashine.

"Isomeni tena," alisema. "Tangu king'ora kilipoanza. Asikilize."