Vema za Jumatano

Kila Jumatano, kengele ya saa nane ilipolia katika Shule ya Msingi Mwalinga, huko Iyula, Yunisi alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Alitaka kufika kabla ya wenzake kwenye chumba cha mwisho, akae dawati la mbele, afungue daftari lake lenye jalada gumu na kuandika tarehe juu ya mstari uliopigwa kwa rula. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, naye ndiye katibu wa klabu ya sanaa. Cheo hicho alikivaa kama gauni jipya la Krismasi. Ukimkuta na daftari lile mkononi, usingethubutu kumtania.

Klabu yenyewe ilikuwa na miezi mitano tu. Kabla yake, sanaa shuleni hapo ilikuwa kuchora bendera ya taifa na chungwa, mwaka nenda mwaka rudi. Kisha Mwalimu Fortunata akasikia kwamba kuna mfuko unaotoa ruzuku kwa shule na kikundi cha sanaa wakiomba pamoja. Alifunga safari hadi Tunduma, akakipata kikundi kinachoitwa Tuinuke, wakaandika maombi yao, wakakubaliwa. Ruzuku ingetolewa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilileta magogo, ngozi za mbuzi, rangi na nauli ya mwalimu wa ngoma. Awamu ya pili ingetoka baada ya mtu wa mfuko kuja kuona kazi na kukagua mahudhurio. Wanachama walikuwa thelathini na sita, na mkataba ulitaka wasipungue thelathini katika kila kipindi.

Mwalimu wa ngoma, aliyetoka kikundi cha Tuinuke, aliitwa Andongwisye, lakini watoto walimwita Kaka Ando. Alikuwa kijana mrefu aliyekulia Tunduma, karibu kabisa na mpaka wa Zambia, na Kibemba cha sokoni kilimtoka bila yeye kujua. Mtoto akipiga ngoma vizuri alimwambia "natotela," yaani asante, na neno hilo klabu nzima ikalidaka. Aliwafundisha kuchimba gogo, kuloweka ngozi, kuiwamba na kuiacha ikauke kivulini bila haraka. Yunisi, ambaye darasani alijulikana kwa ukimya, alishangaa kuona jinsi mikono yake ilivyokuwa na mengi ya kusema. Aliipenda saa hiyo moja na nusu kuliko saa nyingine zote za wiki.

Basi ukaingia mwezi wa sita, na kahawa ikaiva.

Iyula wakati wa kahawa si mahali pa kumtafuta mtu nyumbani. Kahawa ikishachumwa lazima imenywe maganda siku ileile, la sivyo inaharibika, na mashine ya kumenya ya kikundi cha wakulima ilizunguka kwa zamu. Zamu ya upande wao wa kijiji ilikuwa Jumatano. Kwa hiyo Jumatano ya kwanza ya mwezi, Yunisi alipoita majina, walioitika walikuwa kumi na tisa.

Alipofika kwenye jina la Luka, rafiki yake Gwantwa ndiye aliyejibu. Luka alikuwa kaka yake Gwantwa, na nyumbani kwao kulikuwa na wanachama wanne wa klabu, pamoja na binamu zao Watson na Moses.

"Wenzangu wako kahawani," Gwantwa alisema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya nyumba yetu."

Yunisi akaweka vema nne, wala hakuwaza mara mbili; nyumba nyingine nazo akaziandika vivyo hivyo, na jumla ikafika thelathini na moja. Mnapaswa kujua kwamba baba yake, Mzee Yesaya, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Siku za kazi za kijiji, za kufukua mtaro au kuziba mashimo ya barabara, Yunisi ndiye aliyemshikia baba daftari. Na katika daftari la balozi hawaandikwi watu, zinaandikwa nyumba. Mmoja akifika na jembe lake, nyumba nzima imehudhuria, na aliyebaki kuchunga mbuzi hana deni na mtu. Yunisi alikuwa ameona hivyo tangu hajajua kusoma. Angejuaje kwamba daftari la shule lina taratibu nyingine?

Kama mambo yangeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya kosa dogo la kuchekesha. Hayakuishia hapo. Wiki iliyofuata Mwalimu Fortunata aliwakumbusha wanachama kwamba mahudhurio yakishuka chini ya thelathini, awamu ya pili haitatoka na Kaka Ando hataweza kuja tena. Aliwaeleza pia, polepole, kwamba anayehesabiwa ni mwanafunzi aliyekaa chumbani mwenyewe. Kisha akaenda zake kufundisha darasa la saba, kama alivyofanya kila Jumatano. Kaka Ando aliona watoto wako wachache, lakini daftari hakuwahi kuligusa. Alidhani hayo ni mambo ya mwalimu.

Siku hiyo walikuwa kumi na saba. Yunisi alizihesabu ngoma zilizokaa bila mpigaji, akamwangalia Kaka Ando akikaza kamba ya ngoma ndogo, akaona kama anamwangalia mtu anayefunga mizigo. Sasa alijua. Mkono ulisita, kisha ukaandika vema thelathini na mbili.

Wiki ya tatu mkono haukusita sana. Wiki ya nne haukusita kabisa. Lakini nyumbani ugali haukushuka, na mama yake alipomuuliza kama anaumwa alisema ni tumbo. Kibaya zaidi, ile raha ya kulifungua daftari ilikuwa imekwisha, na siku hizi alifika chumbani wa mwisho.

Mwisho wa Julai mgeni kutoka mfuko akaja. Aliitwa Bi. Frida, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Kwa kuwa ujio wake ulitangazwa mapema, wazazi waliwaachia watoto wote, na wanachama thelathini na sita walijaa chumbani wakinukia sabuni. Walipiga ngoma mpaka walimu wa madarasa mengine wakasimama dirishani. Luka na binamu zake walipoteapotea kidogo, wakajificha ndani ya sauti za wenzao. Bi. Frida alikagua ngoma moja moja, akazigonga kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akaketi na daftari. Mwalimu Fortunata na Kaka Ando waliketi kando yake, na Yunisi alisimama nyuma kama katibu, tayari kujibu maswali. Alimwona akifunua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kukunja uso. Zikabaki kurasa mbili. Ukabaki mmoja. Yunisi alianza kupumua.

"Hongereni sana," Bi. Frida alisema, akivua miwani. Aliwaeleza kwamba ametoka shule moja ya kata ya Ruanda, humuhumu wilayani, yenye mradi kama huu, na huko mahudhurio yameanguka kwa nusu tangu kahawa ilipoiva. Walimu wa huko walidai haiwezekani kuwapata watoto siku za Jumatano msimu huu, naye alikuwa karibu kuwaamini. "Lakini ninyi pia mna kahawa na mmeweza. Kwa hiyo wale hawana nia. Nitapendekeza ruzuku yao isimame, na daftari hili nitawaonyesha kama mfano."

Mpaka dakika ile Yunisi aliona uongo wake ni jambo la klabu yao peke yao, uongo wa kuokoa, usiomuumiza mtu. Sasa aliona chumba kingine kama hiki, kule Ruanda, kina ngoma zake na katibu wake, mtoto aliyeandika sifuri pale palipostahili sifuri. Mtoto huyo angenyang'anywa ngoma kwa sababu alisema kweli.

"Mama, samahani," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Vema hizo si zote za kweli. Nimeziandika mimi."

Mwalimu Fortunata alimgeukia, na uso wake ulimuuma Yunisi kuliko fimbo yoyote. Lakini alikuwa ameshaanza, akaendelea mpaka mwisho. Alieleza habari za zamu ya mashine ya kahawa, ambayo ni Jumatano, za daftari la balozi na za vema nne za nyumba ya akina Gwantwa. Alieleza pia habari za wiki ya pili, na hapo hakujificha nyuma ya baba yake. Alisema alijua kwamba ni makosa, na aliogopa Kaka Ando asingerudi tena.

"Ukweli ni kwamba walikuja wangapi?" Bi. Frida aliuliza.

"Kumi na tisa. Kumi na saba. Kumi na nne. Kumi na tano. Halafu kumi na mbili mara tatu."

"Unakumbukaje?"

"Kila siku nilihesabu kwanza, mama. Ndipo nikaandika uongo."

Kaka Ando, ambaye macho yake yalikuwa yameganda kwenye sakafu, alisema hesabu hiyo ni sahihi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akizipanga ngoma. Mwalimu Fortunata akasema kwa sauti ya chini kwamba saini ya kila mwezi ni yake, na alisaini bila kuja kutazama. Alisema kosa hilo halibebwi na mtoto peke yake.

Bi. Frida alitoa mkobani karatasi za shule ya Ruanda, akaziweka kando ya daftari, akaandika namba alizotajiwa na Yunisi pembeni mwake. Kumi na nane huko, kumi na tisa hapa. Kumi na sita huko, kumi na saba hapa. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Kumbe tatizo si watoto," alisema. "Tatizo ni siku tuliyochagua. Sisi ofisini tuliandika Jumatano, wala hatukuuliza mashine ya kahawa inapita lini. Nilikuwa nakwenda kuwaadhibu watu kwa kosa letu."

Lakini hakumwacha Yunisi hivihivi. Daftari lenye uongo haliwezi kupokelewa, alisema. Lilipaswa kurekebishwa jina kwa jina, kila mwanachama aulizwe mwenyewe, mwalimu ahakikishe, na shule iandike barua kueleza yote yaliyotokea. Jibu lingekuja baada ya wiki tatu, na hakuahidi lingekuwa zuri.

Zilikuwa wiki tatu ndefu. Yunisi alipita kwa wanachama wote, nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, akiuliza nani alikuwapo na nani hakuwapo. Wengine walimcheka. Eliakim, mpigaji wa ngoma kubwa, alimwambia wazi kwamba kwa mdomo wake klabu imekufa. Yunisi hakumjibu. Alilia kidogo njiani, akafuta uso kwa kiwiko, akaingia nyumba iliyofuata. Lakini usiku alilala usingizi mzito, na ugali ulianza kushuka tena.

Jibu lilifika Jumatatu asubuhi. Mwalimu Fortunata aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye jiwe lililo chini ya kengele, akaisoma tena. Awamu ya pili imeidhinishwa. Vipindi vya msimu wa kahawa vitahamishiwa Jumatatu, hapa Iyula na kule Ruanda pia. Mwalimu, mtu asiyecheka ovyo, alimshika Yunisi mabega akamtikisa, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kelele zilizopigwa mstarini siku hiyo zilisikika mpaka zahanati. Eliakim alikuja mwenyewe kuomba radhi, akampa Yunisi fimbo zake za ngoma azitumie kipindi kizima.

Jioni ile Mzee Yesaya alimkuta binti yake uani akigeuza kahawa kwenye kichanja. Habari zote alishazisikia. Alichukua upande wa pili wa kichanja, akageuza naye.

"Mwanangu, daftari langu linaandika nyumba kwa sababu ya kazi yenyewe," alisema. "Gwantwa akifukua mtaro, maji yanafika kwao wote. Ngoma si hivyo. Aliyojifunza Gwantwa haimfikii Luka mpaka Luka aende mwenyewe. Hapo ulikosea tu, na kukosea hakuna aibu. Aibu ilikuja ulipojua, ukaendelea."

Yunisi aliinamisha kichwa. "Ndiyo, baba."

"Uliogopa kwamba ukweli utawanyima ngoma. Umeona sasa? Watu waliotaka kuwasaidia hawakuweza kuwasaidia, maana uliwaficha mnapoumia. Ulipowaonyesha, walijua pa kushika. Ukiwa na shida, iseme kama ilivyo. Anayekupenda hawezi kutibu donda ulilolifunika." Alimpiga begani taratibu. "Na siku ile ulisema kabla hujakamatwa. Hilo nimelisikia pia, na nimefurahi."

Jumatatu ya pili ya ratiba mpya, mdogo wake Yunisi alishikwa na homa, na Yunisi akabaki naye nyumbani wakati mama amekwenda kutafuta dawa. Kesho yake alilifungua daftari. Gwantwa, aliyekuwa ameshika nafasi yake, aliwaandika wanachama thelathini na watatu kwa mwandiko wake wa kulalia upande. Mbele ya jina la katibu aliacha wazi, asijue afanye nini.

Yunisi alichukua kalamu, akajiandikia sifuri moja, kubwa, ya mviringo, akalifunga daftari na kukimbia darasani.