Mkono Ulio Chini ya Kioo

Mashine ile niliichagua mimi. Naanza na hilo mapema, asije akalaumiwa dada yangu, au shemeji, au muuzaji wa dukani. Mimi nimelala kwenye stesheni za treni za nchi ambazo hata majina yake yananishinda kutamka, nimepotea katika miji yenye ramani kila kona, na kwa sababu hiyo tu ndugu zangu wananihesabu mjuzi wa vitu. Kikiharibika chochote chenye waya, naitwa. Nikifika, kinaharibika vizuri zaidi.

Shemeji yangu ni fundi saa. Asubuhi moja alikuwa mezani kwake, pale pale sebuleni, ameifungua saa ya mteja na kuvipanga vyuma vyake kwenye kisosi, kiharusi kikamkuta na kibano mkononi. Alirudi kutoka hospitali anatembea, anaongea kwa kuvuta, lakini mkono wa kulia ulibaki ngumi. Ile saa dada aliifunika na bakuli la kioo, kisosi na kibano vikiwa humo humo, akapiga marufuku mtu kuigusa.

"Ataimaliza mwenyewe," alisema. Nyumba nzima ikawa inaishi kwa kuingojea siku hiyo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaelekeza walaze mkono juu ya karatasi kila asubuhi, wauzungushie penseli, waandike tarehe na kubandika ukutani. Hivyo wangeona vidole vikifunguka kidogo kidogo. Shida ni kwamba dada hajui kuchora. Mikono yote aliyochora ilitoka kama viazi. Ndipo bingwa wa dunia nikafungua mdomo.

"Mnahangaika na penseli za nini? Nunueni printa ya kazi zote. Ina kioo. Analaza mkono, mnabonyeza, unatoka mkono wenyewe."

Dukani muuzaji aliniuliza, "Mzee, unataka ya katriji au ya tangi la wino?"

"Mzee ni baba yako. Mimi nataka inayofanya kila kitu."

"Zote hizi zinachapa, zinanakili, zinaskani. Niambie unatoa kurasa ngapi."

"Moja kwa siku."

Aliniangalia kwa huruma. "Basi chukua ya tangi. Ukiitumia kila siku, hata karatasi moja, wino hauwahi kukauka. Imebaki hii ya maonyesho. Haijachapa kitu, watu wanaigusagusa tu."

Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Nyumbani nilimimina wino, nusu kwenye tangi na nusu kwenye suruali, nikafungua kifuniko. Kwenye kioo palikuwa na alama ya kiganja. Niliifuta kwa ncha ya shati. Nikapumulia, nikafuta tena. Haikutoka. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ilikuwa upande wa ndani.

Nikaijaribu kwa mkono wangu mwenyewe. Ulitoka safi, hadi kovu la kidole gumba, lile lenye umbo la ndoano nililolipata nikifungua kopo la samaki kwa kisu ndani ya treni, siku ya pili bila kula. Dada aliucheka.

"Mkono haujawahi kufanya kazi huo," akasema, akaubandika ukutani wa kwanza kabisa, kwa dhihaka.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za furaha. Kila asubuhi, baada ya chai, shemeji alilaza ngumi yake, mwanga ukapita chini ya kioo, karatasi ikatoka. Ukutani ungeweza kuona kidole cha shahada kikijinyoosha, kisha cha kati. Siku ya kumi na mbili mkono wote ulikuwa umefunguka. Dada alinipigia simu akilia, nami nikajisifu kwa kila niliyekutana naye njiani, hata kwa muuza magazeti.

Siku ya kumi na nne alipiga tena. Hakuwa analia.

"Kaka, njoo," alinong'ona. "Njoo umwangalie yeye. Sio karatasi."

Nilifika saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Shemeji alikuwa kitini, mkono mapajani. Ngumi. Ngumi ile ile, labda imekaza kuliko mwanzo. Furaha ya karatasi ilikuwa imetupofusha, hakuna aliyekuwa akiutazama mkono wenyewe.

Nilisema mashine imekosea. Niliushika mkono wake mimi, nikaulaza juu ya kioo mimi, nikabonyeza mimi. Mwanga ulipita. Karatasi ikatoka polepole.

Mkono ulikuwa wazi. Vidole vitano.

Na kucha.

"Kucha zinaonekanaje?" dada aliuliza.

Sikuelewa. Shemeji ndiye aliyeelewa. Mtu aliyeshinda miaka thelathini akitazama vitu vidogo nyuma ya vioo anajua upande upi ni upi. Mashine hutazama kutoka chini. Ukilaza mkono juu ya kioo, inaona kiganja. Ili ione kucha, lazima kiganja kiwe kimebanwa kwenye kioo kutoka chini, upande wa mashine. Kinasukuma kwenda juu.

"Umo ndani," shemeji alisema.

Nilikunjua vidole vyake kwa nguvu, kimoja kimoja. Kiganja kilikuwa cheupe, baridi. Hakikuwa na mistari. Hata mmoja. Laini kama karatasi ambayo haijaandikwa.

Nilichomoa waya. Nilitaka kuitupa siku hiyo hiyo, nikaibeba hadi mlangoni. Shemeji akanizuia kwa mkono wa kushoto.

"Mkono wangu umo humo. Ukiitupa, unautupa."

Tuliipeleka dukani, yule muuzaji akaifungua mbele yetu. Mkanda, taa, magurudumu, wino. Hakuna kingine. Akaifunga, akasema iko sawa. Daktari naye akasema ni mishipa, aendelee na mazoezi. Kila tuliyemwendea alitupa jibu sahihi, tukarudi nalo nyumbani mikono mitupu. Tukaiweka stoo, bila waya, tukaifunika shuka.

Mwezi ukapita. Siku ya kliniki tulikwenda wote watatu, dada akafunga mlango na funguo zikakaa kwenye pochi yake. Tulirudi saa sita mchana. Nilikuwa nawachekesha na habari ya suruali yangu ya wino. Dada akaniwekea mkono mdomoni.

"Sikilizeni."

Tik. Tik. Tik.

Bakuli lilikuwa mahali pake. Chini yake kisosi kilikuwa kitupu. Saa ilikuwa imefungwa, inatembea. Ilionyesha saa sita na dakika saba, sawa na saa ya ukutani. Kwenye kioo chake palikuwa na alama ya kidole, nyeusi, ya wino mbichi.

Shemeji aliiweka sikioni kwa mkono wa kushoto. Alisikiliza muda mrefu.

"Kazi yangu hii," alisema. "Hakuna mwingine anayekaza skrubu hivi." Machozi yalimtoka, na sikuweza kujua ni ya nini. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani. Haukucheza.

Tangu siku hiyo aliacha mazoezi. Kila asubuhi anabebewa kiti hadi stoo, anakaa karibu na lile shuka, ameweka sikio. Dada hamkatazi tena. Mimi nilirudi kwangu. Nilijiambia nimewaachia nafasi.

Jana mchana dada alipiga simu. Sauti ilikuwa chini sana.

"Kaka, imetoa karatasi."

"Mmeichomeka?"

"Waya si uko kwako?"

Kweli. Uko kwangu, kwenye droo.

"Kucha tena?" niliuliza.

"Kucha. Lakini sio mkono wa shemeji yako. Nimeulinganisha na zote za ukutani." Nilisikia karatasi ikigeuzwa. "Huu umekigeuza kidole gumba, kama unataka tukione. Kina kovu. Kama ndoano."

Nilicheka. Ndivyo nilivyoumbwa, nacheka kwanza. Kisha nikakiinua kidole gumba changu, nikakisogeza dirishani kwenye mwanga.

Kilikuwa laini.