Halua ya Kupigwa Picha

Takia lilikuwa limebonyea.

Sidi Tsofa aliinama juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akabana lenzi jichoni, akaitazama tena ile picha. Takia la kushoto, lile jekundu la tarizi, lilikuwa limebonyea katikati kama lililokaliwa na mtu mzito. Naye alikuwa na hakika nalo, maana ni yeye aliyelipigapiga likavimba, akazinyoosha pembe zake nne, akatoka chumbani kinyumenyume asiguse kitu. Juzi alipoiangalia filamu hiyohiyo, matakia yote yalikuwa sawa.

"Kahindi!" aliita. "Ulikaa pale kwenye takia baada ya mimi kutoka?"

"Nikae mimi, na kamera ishikwe na nani?" Kahindi alijibu kutoka chumba cha giza, kule anakosafishia picha.

Siku nyingine Sidi angecheka. Siku hiyo aliitia picha ndani ya bahasha, na shaka ikaanza kumtafuna.

Mwaka ule wa 1993 studio ya Bi Rukhsana ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani Mji wa Kale, juu ya duka la fundi saa. Walikuwa watu watatu tu. Bi Rukhsana, mwenye studio, alizunguka mahotelini kutafuta kazi na akirudi alichora. Kahindi alipiga picha. Sidi alipanga vitu vya kupigwa picha, alikata na kubandika kurasa, na tangu mwaka ule aliandika maneno pia. Walitengeneza menyu, vibao, vijitabu vya wageni, hata karatasi za kufungia sabuni. Kazi yao ilikuwa kuzifanya hoteli zitamanike, na Mungu ni shahidi, nyingine zilihitaji kazi kubwa.

Kazi ya safari hii ilikuwa ya Bwana Kamaludin, aliyeitengeneza nyumba ya babu zake iwe ya kulaza wageni. Alitaka picha ya ukumbi ulioandaliwa kana kwamba mgeni wa heshima anangojewa, nao wangeupanga mlemle studio. Sidi, binti wa bara ya Kilifi, hakutaka kukosea mambo ya wenye mji, basi alikwenda Makadara kwa Bi Mejumaa, mama muuza udi, akamuuliza mgeni kama huyo huwekewa nini.

"Halua, kahawa, marashi, na udi kwenye chetezo," Bi Mejumaa alimwambia akimpimia udi. "Na mgeni mwenyewe ni nani?"

"Hakuna mgeni, bibi. Ni picha tu."

Mkono wa Bi Mejumaa ulisimama. "Basi mtu ale, mwanangu, japo tonge moja. Sinia iliyofukizwa haiondolewi nzima."

Sidi aliitikia kama tunavyowaitikia wazee tukiwa na haraka.

Sasa, halua ya kweli ikikaa chini ya taa za kamera hupauka, basi Sidi aliipaka mafuta ya nywele ikang'aa. Kahawa nayo huonekana kama maji machafu, basi vikombeni alitia maji na wino mweusi wa studio, na tone la sabuni lifanye povu. Hakuna aliyeweza kula kitu pale, hata angetaka. Halafu alifanya jambo lake la kawaida. Sidi hakuwahi kuyaamini maneno yake mpaka masikio yake yameyasikia, kwa hiyo alisimama mbele ya sinia, moshi wa udi ukimzunguka, akasoma kwa sauti:

"Karibu, umengojewa. Kaa utakavyo. Hapa ni kwako."

Kahindi akabofya kamera. Walipomaliza, sinia yote ilimwagwa jaani.

Siku mbili baada ya lile takia, picha ileile ilikuwa na kikombe kilichonywewa nusu. Na kikombe chenyewe, ambacho Sidi alikiosha akakirudisha kwenye rafu ya studio, alikikuta na alama nyeusi ukingoni, alama ya midomo. Alikiosha tena. Kesho yake, aliporudi kutoka chakula cha mchana, alama ilikuwa palepale, na studio nzima ilinuka udi na mafuta ya nywele.

Funguo za studio zilikuwa tatu. Bi Rukhsana alikuwa Diani tangu asubuhi. Wa kwake Sidi ulikuwa mkobani. Wa tatu alikuwa nao Kahindi.

Hapo ndipo alipoanza kumtazama Kahindi kwa jicho jingine. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minne, wamekula sahani moja, na Kahindi ndiye aliyemwombea kazi kwa Bi Rukhsana. Lakini kijitabu hiki kingekuwa cha kwanza kuandikwa chini, kwa herufi ndogo: Maneno ya Sidi Tsofa. Jina la mpiga picha halikuwamo. Je, hilo halimuumi? Mbona siku hizi hujifungia chumba cha giza hata wakati wa chakula? Mbona shati lake linanuka udi? Haya mambo ukiyatafuta huyakosi. Kufika Ijumaa Sidi alikuwa na kesi nzima kichwani, akaipeleka kwa Bi Rukhsana.

"Anapiga picha nyingine kwa siri na kuzibadilisha," alisema kwa sauti ya chini. "Anataka kuiharibu kazi. Harufu yake mwenyewe inamsema."

Bi Rukhsana hakuwa mtu wa kuvumilia michezo, na kijitabu kilitakiwa kwa mpiga chapa juma lililofuata. Alimwita Kahindi, akanyoosha kiganja. "Ufunguo wangu. Nenda nyumbani mpaka nikuite, na sijui kama nitakuita."

"Mimi nimefanya nini, Bi Rukhsana?" Kahindi aliuliza. Alimgeukia mwenzake. "Sidi. Wewe si wanijua?"

Sidi aliangalia mkasi wake. Aliona aibu, hilo lazima lisemwe, lakini aliona pia nafuu, kwa kuwa sasa ule upuuzi ungekoma.

Jumatatu saa saba mchana, Mji wa Kale wote umefunga maduka umelala, Sidi alikuwa peke yake. Alitaka kuisafisha picha kwa mkono wake mwenyewe, mara moja, aone ukweli. Aliingia chumba cha giza, akawasha taa nyekundu, akaizamisha karatasi kwenye dawa, akasubiri.

Kwanza alisikia kitu ukumbini. Ko. Kisha kimya. Ko. Vilikuwa viatu vya mbao, mtalawanda, vya aina ambayo bibi za watu walivaa kwenda msalani zamani, na vilikuwa vikitembea taratibu juu ya sakafu, kutoka dirishani hadi kwenye rafu ya vikombe, na kutoka kwenye rafu hadi kwenye mlango wa chumba alichokuwamo.

"Bi Rukhsana?" alinong'ona.

Mbele yake karatasi ilianza kutoa picha, kwanza pembe za zulia, kisha chetezo, kisha takia lililobonyea, na juu ya takia goti, goti la mtu aliyekaa akakunja miguu, na kutoka kwenye goti kanzu iliyopanda taratibu kadiri dawa ilivyokuwa ikifanya kazi, kisha mkono wenye vidole virefu kupita kiasi uliokishika kikombe, na Sidi alijua kwamba baada ya mkono utakuja uso, akataka kuitoa karatasi na mikono ikakataa, akataka kufumba macho na macho yakakataa, na harufu ya mafuta ya nywele ikaingia kupitia chini ya mlango ikamjaa kooni, mpaka ikatoka midomo, midomo myeusi tititi, iliyolowa wino, na ilikuwa imefunguka kama ya mtu anayetaka kusema.

Sauti haikutoka kwenye karatasi. Ilitoka nyuma ya mlango, nayo ilikuwa ya upole.

"Wee mwanamke. Umeniita, nimekuya. Mbona wanilisha mafuta, waninywesha wino? Chakula changu ki wapi?"

Sidi hakukumbuka alivyofungua mlango. Alikumbuka ngazi, jua, na watu wa Makadara wakimshangaa anakimbia pekupeku.

Bi Mejumaa alimkalisha juu ya gunia, akamnywesha maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Maana Bi Mejumaa hakuwa muuza udi tu. Alikuwa fundi wa hayo mambo, na mjini waliomhitaji walimjua.

"Nani alikula ile sinia?" aliuliza.

"Hakuna, bibi. Ilikuwa na mafuta ya nywele."

"Ya nini?"

Sidi alimwambia. Alimwambia na maneno aliyoyasoma mbele ya udi. Bi Mejumaa akashika kichwa.

"Mumemwita kwa udi, mukamwita na kwa mdomo. Kaja mtu wa watu, mukamwekea sinia ya uongo! Hata mimi ningekasirika." Alisimama, akatafuta buibui lake. "Hana ubaya, bado. Ataka haki ya mgeni. Atalishwa kikweli, na wote mlokuwapo mutakula naye, hata huyo kijana mliyemfukuza. Na kila karatasi yenye yale maneno ije nitie moto. Kila moja, wanisikia? Ikibaki moja, mualiko umebaki."

Alasiri hiyohiyo Kahindi aliitwa studio, akaja. Alikaa karibu na mlango, miguu nje, kama mtu asiyejua kama ametakiwa. Sidi alisema mbele ya wote, huku machozi yakimtoka, "Si Kahindi. Ni mimi niliyemsingizia, na ni mimi niliyemwita huyo mgeni. Nisamehe, Kahindi."

"Ungeniuliza tu," Kahindi alisema.

Sinia iliwekwa katikati, halua ya kweli iliyopauka kama halua inavyopauka, kahawa chungu ya moto. Bi Mejumaa alifukiza udi. Walikula wote watatu, hata Bi Rukhsana aliyemwaga nusu ya kahawa yake, na kikombe cha nne, ambacho hakuna aliyekigusa, kilipungua mbele ya macho yao.

"Karatasi," Bi Mejumaa alisema.

Bi Rukhsana alileta filamu, rasimu, na nakala za majaribio. Alizihesabu, akazihesabu tena. "Nakala zilikuwa tano. Hapa ziko nne."

Wote walimtazama Sidi.

Ya tano ilikuwa nyumbani kwake Majengo, chini ya godoro. Aliichukua siku ilipotoka, kwa kuwa ilikuwa na jina lake, jina lake la kweli kwa wino wa kweli, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye kadi ya kliniki. Alikuwa akingoja siku nzuri amwonyeshe mama yake. Karatasi moja tu, aliwaza, tena haiko hapa, iko mbali. Na baada ya kumsingizia Kahindi, aseme sasa kwamba mwizi ni yeye?

"Moja niliichana," alisema. "Ilikuwa na kosa. Niliitupa."

Bi Mejumaa hakuondoa macho. "Una hakika?"

Bi Rukhsana naye alifungua mdomo, na shaka ilikuwa wazi usoni pake. Ni Kahindi aliyesema.

"Sidi akisema ameichana, ameichana. Mimi namjua."

"Haya. Nafunga kwa neno lako," Bi Mejumaa alimwambia Kahindi, akazitia moto zile karatasi. Zilipokuwa majivu alikifudikiza kikombe cha nne siniani. "Mgeni wetu, umekula, umekunywa. Shukrani kwa kutuzuru. Nenda kwa amani, huna mualiko tena hapa."

Viatu vya mbao viliinuka. Walivisikia vikipita katikati yao, vikishuka ngazi moja baada ya moja, vikitoka kwenye mlango wa chini. Bi Rukhsana alilia kwa sauti. Bi Mejumaa alikuwa amesimama dirishani, ametega sikio.

"Ajabu," alisema. "Hakushika njia ya pwani. Kakata kwenda Makadara, aelekea Majengo. Majengo kuna nini?"

Kahindi alikuwa akikusanya vikombe, na alipopita kwa Sidi alimgusa bega kidogo, kama zamani.

Sidi alikwenda nyumbani karibu kukimbia. Ataichoma mwenyewe, alijiambia, mara tu atakapofika, na hakuna atakayejua. Magharibi ilikuwa ikiingia. Mama yake, mama Kanze, alikuwa nje ya mlango, amesimama na kanga yake nzuri, ile ya harusini.

"Polepole," mama alinong'ona. "Una mgeni ndani."

"Mgeni gani, mama?"

"Mzee wa heshima, wa kanzu. Sikumfungulia, nimemkuta tu keshakaa. Nilishtuka nikataka kupiga kelele, lakini karatasi yako anayo mkononi." Macho ya mama yalimeremeta. "Kanionyesha jina lako, mwanangu. Mimi sijui kusoma, lakini kanishika kidole akanipitisha herufi moja moja. Sidi Tsofa. Mbona hukuniambia? Kisha akanisomea yote. Ati hapa ni kwake, wewe ndiwe uliyeandika. Ni kweli?"

Sidi alitazama kidole cha mama yake. Ncha yake ilikuwa nyeusi kwa wino.

Alifikiria kurudi Makadara, amwambie Bi Mejumaa ukweli. Bi Mejumaa angemwita Kahindi, maana alifunga kwa neno lake, naye Kahindi angejua amedanganywa. Aligeuka nusu. Miguu yake ikasita hapo, kwa muda mfupi tu, na ndani ya nyumba viatu vya mbao vikagonga sakafu.

"Sidi," sauti ya upole iliita. "Mbona wasimama mlangoni? Karibu, umengojewa. Kaa utakavyo."