Kinachokula Betri

"Betri haiishi bure. Kuna kinachokula." Hilo ndilo alilonifundisha fundi wangu siku ya kwanza, Mungu amrehemu, na ndilo ninalowaambia wateja mpaka leo. Kwa hiyo mkunga alipoleta gari lake jioni ile, saa kumi na moja na nusu, nimeshaanza kukusanya spana, nikamwambia hayo hayo.

"Hata mimi najua kuna kinachokula," akasema. "Nataka unitajie ni nini."

Mama wa makamo, sauti ya kuamrisha, sare ya hospitali bado mwilini. Gari alilinunua mkononi kwa mtu, lina miezi miwili tu kwake. Ameshatia betri mbili mpya. Jioni linawaka vizuri, asubuhi limekufa. Wiki iliyopita aliitwa alfajiri kwa mzazi aliyekwama, gari likagoma, akakimbia kwa miguu. Alimkuta mzazi hai, lakini ilikuwa ponea chupuchupu.

"Mafundi watatu limewashinda. Mwishowe jirani yangu akaniburuta kwa mganga." Akainua kapeti la dereva. Hirizi nyeusi, imeshonwa vizuri kabisa. "Na yeye likamshinda."

"Alisemaje?"

"Tengeneza kwanza, nitakwambia."

Nikacheka. Mimi ni mtu wa nyaya. Mganga na fundi wa kubahatisha kwangu ni baba mmoja mama mmoja.

Nikafungua boneti, nikachomoa waya hasi wa betri, nikaipachika mita katikati ili umeme wote unaotoka upitie kwake. Gari likizimwa na kutulia, mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, unachomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka, mwizi anapitia hapo. Hakuna uchawi.

Mita ikasoma sifuri.

Ikapanda.

Ikarudi sifuri. Ikapanda tena.

Nikaigonga na kidole. Mwizi wa betri hali hivyo jamani, akishaanza anakula mfululizo. Huyu alikuwa anakula, anapumzika, anakula, anapumzika…

Nikaanza kuchomoa fyuzi. Ya redio, ya honi, ya feni, nazipanga juu ya kitambaa. Mkunga amesimama mbele ya boneti, mikono kifuani. Jua likazama nyuma ya ukuta wa gereji. Nikachomoa ya mwisho. Kisanduku kikabaki mapengo matupu kama kinywa cha kibogoyo.

Mita ikapanda.

Tak… tak… tak…

Sauti ilitoka ndani ya dashibodi.

"Unasikia?" mkunga akanong'ona. "Kila magharibi. Inaanzaga hivyo."

Sauti ile naijua. Ni ya hazadi, zile taa nne za kukonyeza unazowasha gari likikuharibikia njiani. Lakini swichi yake ilikuwa imezimwa. Fyuzi yake ilikuwa juu ya kitambaa. Na hakuna taa hata moja iliyokuwa inawaka.

Nikalala chali chini ya usukani na tochi mkononi. Hapo ndipo harufu iliponijia. Tamu, ya baridi, ya kupanda puani.

Peremende.

"Mama… unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu, fundi."

Nikasogeza nyaya. Nikauona. Waya wa hazadi, umekatwa katikati, ncha zake mbili zimekunjwa, na kila ncha imefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea viatu. Mafundo matatu.

Nikaisogeza tochi karibu, nikayahesabu tena.

Sikilizeni. Fundi mwingine akikata waya anapiga tepu, basi. Fundi wangu alikuwa mtoto wa mshona viatu, yeye tepu hakuiamini, alifunga uzi, mafundo matatu. Na katika maisha yake alimfundisha kazi mtu mmoja tu.

Mimi.

Gari lilikuwa jeupe wakati ule, sasa limepakwa buluu. Namba zake nilikwishazisahau, au nilijisahaulisha. Miaka mitatu nyuma lilikuwa la shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Tulimwita Peremende, maana shavu lake halikukosa moja. Alinijia na shida hii hii, betri inaisha. Nilipima tangu asubuhi. Nikagundua mwizi anapitia njia ya hazadi, lakini ni wapi hasa waya umechubuka, sikupaona. Na jioni kulikuwa na mpira kwenye televisheni, mechi ambayo nisingeikosa kwa lolote. Nikaukata. Nikajisemea nitaurudia wiki ijayo.

"Limepona, shemeji," nikamwambia. Sikumwambia nimekata nini. Akanipa peremende, akaondoka anapiga mluzi.

Baada ya siku tisa gari likamzimikia barabara kuu, magharibi kama hii. Lori likamkuta nyuma ya gari. Dereva wa lori aliapa kwamba hazadi hazikuwashwa, na alisema kweli. Msibani watu wakanong'ona: uzembe. Mdogo wangu akalishika neno hilo, mpaka leo anawaambia wanawe, "Baba yenu alijiua kwa uzembe, kuwasha taa tu kumshinde!" Nami hukaa pale kwake, nanywa chai yake, nasema ndivyo Mungu alivyopanga. Sina haya mimi. Sina haya hata chembe.

Tak… tak…

Nikainuka nikae. Macho yakaangukia kioo cha pembeni.

Nyuma ya gari kulikuwa na mtu.

Amesimama katika kigizagiza, mkono juu. Anapunga. Polepole… juu… chini…

Mkunga alikuwa bado mbele ya boneti. Nilimwona kwa macho yangu.

"Mama… nani yuko nyuma ya gari?"

Hakuchungulia. "Mimi sijawahi kumwona," akasema taratibu. "Ila mganga alisema gari halina jini. Lina mtu, anamsubiri fundi wake. Nilidhani ananizungusha."

Sikugeuka nyuma. Nilishika waya ule, nikaufuata sentimita kwa sentimita. Ulikuwa umechubuka kwenye boliti chini ya kizingiti cha mlango. Nikausogeza, nikauziba, nikaunga pale nilipokata, nikarudisha fyuzi zote. Dakika ishirini. Mtu alikufa kwa dakika ishirini.

Nikabonyeza swichi. Taa nne zikaupaka ukuta rangi ya chungwa. Nyuma ya gari hapakuwa na mtu. Nikazima, mita ikatulia, na mkunga akaondoka na gari lake.

Sikufunga hata gereji. Nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Nilimkuta anapiga pasi sare za watoto. Nikamweleza yote, uzi, mafundo, mpira. Akaisimamisha pasi pembeni.

"Miaka mitatu, kaka," akasema. "Miaka mitatu namsema marehemu mbele ya wanawe. Na wewe umekaa hapo hapo unanisikiliza."

Akaninyooshea kidole mlangoni.

"Toka nyumbani kwangu."

Nimefika mlangoni, akaniita. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu anayeomba. "Walisema alikutwa na simu mkononi, imesagika. Alikuwa anampigia nani?"

Ningesema palepale. Mdomo niliufungua.

"Sijui," nikasema.

Najua. Alinipigia mimi. "Shemeji, hazadi haziwaki, na giza linaingia." Nyuma yangu watu wanashangilia goli, mechi nyingine tena, kule kwake magari yanapita kwa kasi. Nikamwambia, "Simama nyuma ya gari, upunge mkono, watakuona. Nakuja sasa hivi."

Niliondoka mpira ulipokwisha.

Mkunga hunipigia mara kwa mara kunishukuru. Gari linawaka kila alfajiri, wazazi wake wanajifungua salama. Langu ndilo haliwaki. Kila asubuhi limekufa, na kila magharibi, nikikaa barazani, nalisikia pale lilipoegeshwa. Tak… tak… Upepo ukigeuka, harufu ile tamu inafika mpaka kwenye kiti changu.

Mke wangu anashangaa. "Wewe ni fundi wa umeme, unapima magari ya watu, lako hulipimi?"

Jana nimetia betri ya tatu. Mita iko kwenye begi, chini ya kitanda. Mdogo wangu anakaa mtaa wa pili tu.