Diski Iliyotoka Ziwani

"Dada, shangazi ametoka kuoga."

Mukarugwiza aliibana simu sikioni. Hiyo ilikuwa sauti ya mkuu wake, na maana yake ilikuwa moja. Kompyuta ya Nsengiyumva imetolewa ziwani.

"Asijifute," alijibu. "Aletwe na maji yake."

Simu ikakatwa.

Wateja wa soko la Kamembe walimjua kama fundi wa simu asiyependa maneno. Hawakujua kwamba chini ya sanduku la chaja mbovu ililala bastola, Glock.

Nsengiyumva alikuwa jasusi mwenzake. Alilirekodi genge la Bahizire likipakia dawa bandia za malaria, kisha mtumbwi wake ukapinduliwa karibu na Cyangugu. Mwili ulipatikana kwanza. Kompyuta ilinaswa leo asubuhi katika wavu wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Dawa hizo zilikuwa zinavuka leo kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, zimefichwa katika lori la simenti. Ndani ya vidonge mlikuwa na chokaa tu. Watoto wangevimeza na kufa kwa homa zao.

Lori lipi? Foleni ya mpakani ilikuwa ndefu, na malori yote yalibeba simenti.

Mke wa mvuvi, Maman Bernadette, aliingia na ndoo kichwani.

"Bavuvi balitaka kuianika na sambaza," alisema akihema. "Nikabaambia, fundi amesema ibakie mu maji. Bakanicheka! Ati Bernadette anafuga kompyuta mu ndoo!"

"Aksanti, Maman. Ikikauka, matope yanaganda ndani. Inakufa kabisa."

"Na weye, mwanangu, unakaa hapa peke yako siku yote?"

Mukarugwiza alikuwa ameshainama juu ya ndoo.

Alifungua kompyuta, akaitoa diski. Akaisafisha kwa maji safi, kisha kwa spiriti. Saketi yake ilikuwa imeungua. Akabandika nyingine, ya diski ya aina ileile.

Akawasha umeme.

Tik. Tik. Tik.

Akasubiri.

Diski ikazunguka.

Alinakili kipande baada ya kipande, akiruka palipoharibika. Video moja tu ilifunguka. Mwanamume mwembamba alitokea, akirekebisha kamera, akinong'ona, "Tuanze."

Mkono wa Mukarugwiza ulisimama hewani.

Miaka yote yeye na Nsengiyumva walikuwa wameongea kwa redio tu. Sauti hiyo ilimtakia asubuhi njema wakati hakuna mwingine aliyemtakia. Hakuwahi kuiona sura yake.

Picha ikahamia kwenye lori. Wabebaji walipita, kila mmoja na mifuko miwili begani, wakicheka. Kisha picha ikavunjika. Namba ya lori ilikuwa imepotea kabisa.

Akarudisha nyuma.

Mifuko miwili? Mbebaji wa simenti wa kiwanda cha Muganza hubeba mmoja, na hufunga kitambaa shingoni ili vumbi lisimchome. Hawa walikuwa na shingo tupu. Nyuso safi.

Akachukua Glock. Akarukia pikipiki yake, TVS nyekundu.

Mpakani, redio yake ya Motorola ikakoroma.

"Lori lipi?"

"Ngojeni."

Alitembea kando ya foleni, macho yake kwa wabebaji waliokaa juu ya mifuko. Walikuwa weupe kwa vumbi, mpaka kope.

"Maman, unatafuta bwana?" mmoja alipaza sauti. "Miye niko hapa!"

"Natafuta mwenye kuoga."

Wenzake wakaangua kicheko. "Basi wende kwa bale ba Fuso ya nyuma! Beko safi kama mapadri!"

Akaenda.

Wale wa Fuso walikuwa wamejipaka simenti kwenye nguo tu.

Kope zao zilikuwa nyeusi tii.

Bahizire alitoa kichwa dirishani. "Weye ni nani?"

"Fundi wa simu."

Mkono wa Bahizire ulishuka kiunoni. Haukufika. Mdomo wa Glock ulikuwa tayari sikioni mwake.

"Zima injini, Papa."

Askari waliokuwa wakingoja neno lake wakaja, wakapasua mfuko wa kwanza. Maboksi ya dawa yakamwagika barabarani.

"Kazi nzuri," redio ilisema. "Sasa futa yote. Diski na nakala. Sura ya Nsengiyumva isionekane popote, ameacha familia."

"Sawa."

Kibandani aliitazama video mara moja tu, mpaka pale "Tuanze." Kisha akafuta nakala, na diski yote akaijaza sifuri. Hata yeye asingeweza kurudisha kitu tena.

Maman Bernadette alikuja jioni kuchukua ndoo yake.

"Ile kompyuta iliamka?"

"Kidogo, Maman."

"Mulikuwa nini ndani?"

"Muntu mmoja."

Mukarugwiza alifunga kibanda, akavaa kofia ya pikipiki, akaondoka bila kugeuka.